Mzee wa Kifuniko

Kundi la WhatsApp la ukweni limenibadilishia jina. Tangu Jumapili mimi si Baba Zuhura tena, ni Mzee wa Kifuniko, na shemeji yangu mdogo ameshatengeneza stika: macho yamenitoka, mishipa ya shingo imesimama, nimekumbatia chupa ya mayonezi kama mtu aliyemkaba mwizi wa kuku. Picha alinipiga sebuleni kwangu, Tabata, mchana kweupe, wakwe wamekaa mkekani na pilau linapoa.

Wakwe zangu ni watu wa Tanga. Unaweza kuwapa pilau lisilo na nyama wakakustahi, lakini pilau lisilo na achari watalizungumza mpaka Arobaini ya mtu. Ndiyo maana achari niliipika mwenyewe, siku chache kabla: embe mbichi, siki, sukari, kitunguu saumu, bizari na pilipili za kutosha. Chupa ya mayonezi niliichemsha kwanza. Achari niliitia ingali inatokota, nikakaza kifuniko, nikaiacha mezani ipoe. Usiku, watu wamelala, nikasikia "ti!" kutoka jikoni. Kile kitufe cha katikati ya kifuniko kilikuwa kimezama. Kwa mtu anayehifadhi chakula kwenye chupa, mlio ule ni hati ya kufaulu. Nilikwenda kukibonyeza kwa kidole kuhakikisha. Hakikubonyea. Nikalala usingizi wa mtu mwenye akiba.

Basi Jumapili, sahani zimeshawekwa, baba mkwe akasema neno lake la kwanza tangu salamu: "Hiyo achari?"

Nikazungusha. Kimya. Nikafuta kiganja kwenye suruali, nikazungusha tena. Mke wangu akanisogezea pembe ya khanga bila kunitazama, namna wanavyofanya wake wanaotaka kuficha aibu ya mume na kuitangaza kwa wakati mmoja. Nikaizungusha khanga kifunikoni. Khanga ikazunguka, kifuniko kikabaki. Nikaigonga chupa kitako kwa kiganja, nikaibana kwapani, nikaibana magotini. Mtoto akauliza, "Baba unaumwa?" Shemeji mkubwa, mpiga vyuma, anayevaa fulana za kubana hata kwenye misiba, akainuka akasema, "Lete hapa, shem." Nikampa kwa shingo upande, nikimwombea ashindwe. Dua zikajibiwa. Akairudisha akiwa amekunja vidole, akadai kuwa mafuta ya pilau ndiyo yaliyomtelezesha.

Ndipo mama mkwe akasema taratibu, "Naomba kijiko, baba."

Akaingiza ncha ya mpini chini ya ukingo wa kifuniko, akainua kidogo tu. Chupa ikatoa sauti: psss. Kitufe kikaruka juu. Akakizungusha kifuniko kwa vidole viwili, vyenye hina, akakiweka pembeni. "Ilikuwa imebana pumzi tu," akasema. Akaonja. "Chumvi imezidi."

Nimeuchunguza sana ule psss tangu siku hiyo, na nasema mbele ya ukoo mzima: nilichokuwa nikipigana nacho si kifuniko. Ilikuwa ni anga. Chakula cha moto kinapoingia kwenye chupa, mvuke wake huisukuma hewa nje. Ukifunga, chupa ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na maji yanachukua nafasi ndogo sana kuliko mvuke. Ndani panabaki pengo. Hewa ya nje, ambayo hapa pwani hukandamiza kila sentimita moja ya mraba kwa uzito wa kilo moja hivi, haina tena mwenzake wa kuizuia kutoka ndani. Kifuniko cha upana wa milimita 63 kina eneo la sentimita za mraba 31. Hewa ya ndani ikipungua nusu tu, kifuniko kinakaliwa na kilo 15 na ushee. Kwa ndani kuna utepe wa mpira laini unaong'ang'ania mdomo wa chupa, na pembeni kuna vijino vilivyoshika mabonde ya kioo. Mimi na shemeji tulikuwa tunazungusha vyote hivyo kwa pamoja, tena kwa mikono yenye mafuta. Mama mkwe hakuzungusha kitu. Aliikaribisha hewa ndani, ugomvi ukaisha. Wengine humwagia kifuniko maji ya moto, nayo ni akili pia, maana bati hutanuka kuliko kioo likipata joto na kulegea kidogo.

Na historia iko upande wangu. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimpa Nicolas Appert, mpishi na mtengeneza peremende, faranga 12,000 kwa kugundua kwamba chakula kikitiwa kwenye chupa, kikazibwa vizuri na kuchemshwa, hakiozi. Kwa nini hakiozi, hakujua; vijidudu vilikuja kuelezwa na Pasteur nusu karne baadaye. Mwaka huohuo Mwingereza Peter Durand akapata hataza ya kopo la bati. Sasa tazama binadamu alivyo. Makopo yale ya mwanzo yalifunguliwa kwa patasi na nyundo. Mmarekani Ezra Warner alipata hataza ya kifungulio chake mwaka 1858. Mwaka huo wa 1858, mwezi wa Novemba, huko New York, John Landis Mason akapata hataza ya chupa yenye mdomo wa kuzungusha kifuniko. Miaka karibu hamsini watu wamekazana kufunga, na wa kufungua ndio kwanza anawaza! Warner angekuwepo Tabata, hakuna ambaye angenicheka.

Nikitetee pia kioo chenyewe, kwa sababu sina chuki nacho. Mchanga peke yake unahitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,700 ili uyeyuke. Ukichanganywa na magadi joto linalohitajika linashuka sana, kisha chokaa huongezwa ili kioo kisiyeyuke majini. Ndiyo, magadi, ndugu wa haya tunayotia kwenye maharage ili yaive upesi. Ziwa Magadi la Kenya limechimbwa zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya magadi ya viwandani duniani huishia kwenye kioo. Kwa hiyo nikilainisha kwa magadi na mafuta ya kula ile gundi ya lebo isiyotoka, ninampeleka mtu kwa jamaa zake.

Gundi hiyo, kwa taarifa, hutoka baada ya kuhamia kwenye kucha.

Matumizi mengine ya chupa nimeyajaribu. Nilitia chai ya moto kwenye ya jemu iliyotoka kwenye friji. Ikapasuka mduara safi, kitako kikabaki mezani na mimi nikabaki na bomba. Kahawa niliyoihifadhi kwenye ile ya achari ilinukia achari, maana kioo husahau harufu ila mpira wa kifuniko hausahau. Koroboi niliyotengeneza siku umeme ulipokatika imeacha alama darini. Chupa ya sarafu ilijaa vifungo.

Lakini mzaha una mwisho wake. Simu yangu inaniletea kila siku video za watu wanaopaka chupa rangi, wakatia mishumaa na maua, wakaita ubunifu. Ubunifu wa nani? Chupa ya soda ina kwao: ukienda dukani bila chupa unaacha hela, ukirudisha unarudishiwa, na gari la kampuni linakuja na kreti kuzichukua. Chupa ya jemu nimeilipia ndani ya bei ya jemu, na hakuna gari linalokuja. Vijana wa viroba wanaopita asubuhi wanaokota za plastiki, wanapima kwa kilo; ya kioo wanaigeuza mkononi na kukuambia, "Hii hailipi, mzee." Mzoa taka anaipokea akinuna kwa sababu ikivunjika itamkata yeye, siyo mwenye kiwanda. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, sisi wanunuzi tulibadilika mara moja, tukabeba vikapu. Aliyejaza jemu hajaambiwa kitu. Takataka yake imewekwa kabatini mwa mke wangu na kuitwa mapambo. Na kila mmoja anachagua mdomo wake wa chupa, huyu mpana, huyu mwembamba, ili kifuniko kikipata kutu chupa nzima iwe mzigo.

Juzi alikuja jirani anayetengeneza pilipili ya kuuza, kasikia nina chupa. Nilimfungulia kabati lote. Akazipanga sakafuni, akavimwaga vifuniko kando, akaanza kuvioanisha: cha mayonezi kikazunguka hewani juu ya chupa ya asali, cha jemu kikashika nusu kikakwama, cha asali hakikuonekana. Tuliinama pale, mimi nikimpa, yeye akinirudishia, hadi adhana ya alasiri. Aliondoka na zile chache zilizopata wenzi wao, akageuka mlangoni kuniuliza kama za plastiki ninazo.