Bastola ya Bata na Televisheni ya Chogo

Fedha na mzigo haviendi mwendo mmoja. Ukiwa Njombe ukabonyeza simu, fedha yako inafika Shenzhen kabla chai haijapoa, na kwa baridi ya Njombe chai haichelewi kupoa. Mzigo ulioulipia ndio unaokuja kwa kujinyoosha. Unapanda meli, unashuka, unalala ghalani, unaamka, unapanda basi, na mwisho wa yote unapitilizwa Makambako.

Nazungumzia vikorombwezo vya gemu ya kaseti. Waliokulia miaka ya tisini wanaikumbuka: kiboksi cha plastiki, kaseti ya njano imechomekwa juu, pedi mbili, na foleni ya watoto wa mtaa mzima nyuma ya kochi. Ya asili yenyewe ni Famicom, ambayo Nintendo waliitoa Japani Julai 15, 1983. Iliyotufikia sisi ilikuwa nakala ya nakala, imeandikwa jina lolote lililompendeza mwenye kiwanda. Mtaani kwetu zote ziliitwa Nintendo, na hakuna aliyedai risiti.

Yangu niliikuta chini ya kabati tulipokuwa tunahama nyumba. Ilikuwa hai ila yatima: adapta haipo, kaseti haipo, na vitufe vya pedi vimelala usingizi wa mauti. Mama Neema alishauri apewe mtoto wa jirani aipasue kwa amani. Mimi nikashika simu, nikafungua duka la mtandaoni, nikakuta dunia nzima inauza kile nilichokikosa.

"Baba Neema," akauliza mwenzangu, "hizo takataka ni magunia mangapi?"

Mama Neema anauza viazi, na hesabu zake zote, pamoja na za sadaka, huzifanya kwa gunia. Nilimjibu kwamba hazifiki gunia, ni debe na kidogo. Hapo nilikuwa nimetaja bei ya vitu peke yake. Usafiri, makato ya kutuma fedha, nauli ya basi na nauli yangu mwenyewe ya kwenda kufuata mzigo vilikuwa bado havijazaliwa.

Kwa asiyejua jiografia yetu, mabasi mengi yatokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hayana shida na Njombe. Yanapita Makambako, pale inapochepuka barabara ya kushoto iendayo Njombe hadi Songea, na sisi tuko ndani huko, kama kilomita 60. Reli ya TAZARA nayo imeweka stesheni yake Makambako ikaendelea na safari. Kwa hiyo Makambako ndiko mizigo yetu inakoshushwa, ikiwa kondakta yuko macho.

Wa kwangu hakuwa macho. Nilisimama stendi katika upepo wa Makambako, ule unaomvua mtu kofia na kumkabidhi mwingine, nikaliona basi lenye mzigo wangu likisimama, likishusha abiria wawili na kuku, kisha likaondoka. Nikapiga simu.

"Usijali mzee wangu," kondakta akanituliza baadaye, "mzigo wako umefika salama."

"Umefika wapi?"

"Tunduma."

Ulirudi na basi jingine, umeuona mpaka wa Zambia ambao mimi mwenyewe sijauona.

Nikafungua boksi kwa kisu cha jikoni, familia imenizunguka. Pedi zilikuwa nzuri, nyepesi, zinang'aa. Tatizo lilikuwa kwenye plagi. Gemu yangu ina pini tisa. Plagi iliyokuja ina matundu saba. Nintendo walipoipeleka mashine yao Marekani waliifungia plagi ya matundu saba, wakati zile nakala zetu nyingi zilijichukulia pini tisa au kumi na tano kwa kadiri mwenye kiwanda alivyoamka. Nikarudi kuitazama picha ya dukani: pedi imepigwa mbele, nyuma na ubavuni, ila plagi imejificha kwenye kivuli kama bibi harusi anayeogopa wakwe.

Nikazipeleka kwa fundi redio mmoja karibu na soko la Njombe. Hakuzitazama mpya. Aliichukua pedi ya zamani, akaifungua, akauvuta ule mpira ulio chini ya vitufe, kisha akamwomba mteja wake mmoja pakiti tupu ya sigara. Akakata vipande vidogo vya ile karatasi ya fedha na kuvibandika chini ya mpira. Vitufe vikafufuka.

"Hii ni tiba ya rimoti," akasema. "Pedi ni rimoti yenye waya tu."

Ada yake ilikuwa soda moja. Mama Neema alipouliza soda ni kiazi kimoja au viwili, nikasema nasikia mtu ananiita nje.

Adapta nayo ilikuwa na siri yake. Iliingia kwenye gemu vizuri kabisa, ikakaa, ikatulia, na gemu ikabaki giza. Fundi akaweka miwani na kutafuta mchoro mdogo uliochapwa mgongoni mwa adapta: nukta katikati, nusu duara pembeni, alama ya kujumlisha huku na ya kutoa kule. Adapta nyingi za siku hizi hupitisha chanya katikati ya ile plagi ya duara. Famicom na ndugu zake wengi wanataka hasi katikati. Ukikosea, gemu yenye bahati itakaa kimya, na isiyo na bahati itatoa moshi. Ya kwangu ilikaa kimya. Fundi akakata waya, akabadilisha upande, akalehemu, na taa nyekundu ikawaka. Alinionyesha pia maandishi ya volti. Adapta ya Famicom iliyotengenezwa Japani hutegemea umeme wa volti 100. Hapa kwetu ukutani tuna 230. Anayeagiza ile ya asili kwa kupenda uhalisia na anunue na ndoo ya mchanga.

Kaseti iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba ina michezo 9999999. Mpwa wangu, ambaye huamini kilichoandikwa, alianza kuikagua orodha kwa uaminifu. Baada ya ukurasa wa kwanza wa skrini mchezo wa vifaru ulirudi, mara hii vifaru vikiwa na mwendo wa kasi. Kisha ukarudi tena, umeanzia katikati. Hata hivyo sikuwa na kinyongo, kwa sababu ndani yake kulikuwa na bata.

Kabla ya bata, kaseti iligoma. Mpwa akaitoa, akajaza mashavu upepo, akapuliza, jinsi watoto wa dunia nzima walivyofundishana bila mwalimu. Fundi akamshika mkono. Nintendo wenyewe waliwahi kuonya wateja wao wasipulize, maana unyevu wa pumzi hufanya meno ya shaba yaote kutu. Kinachosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, ndiyo maana wapulizaji tuliona tunaponya. Pamba na spiriti ya duka la dawa vikaimaliza kazi.

Sasa bata. Katika Duck Hunt, mchezo wa mwaka 1984, bata wanaruka kutoka majanini nawe unawalenga kwa bastola ya plastiki. Ukimpata, mbwa anainuka na kumshika bata kwa fahari. Ukikosa, mbwa yuleyule anainuka na kukucheka usoni. Bastola niliiagiza kwa ajili hiyo tu. Ilikuwa ndicho kitu ghali kuliko vyote ndani ya boksi, na ndiyo iliyonifanya nimwambie Mama Neema "debe na kidogo" huku nikitazama dari.

Nikalenga, nikafyatua. Mbwa akacheka. Nikalenga tena, mbwa akacheka. Nikasogea. Nikapiga magoti. Mwishowe nikaugusisha mdomo wa bastola kwenye kioo cha televisheni, juu kabisa ya kifua cha bata, nikafyatua. Bata akapepea zake, mbwa akainuka.

"Mjomba," mpwa akasema kwa heshima, "labda risasi zimeisha."

Fundi ndiye aliyetoa elimu. Bastola ile haitoi kitu chochote, ni jicho. Ukifyatua, gemu inaifanya skrini iwe nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha inachora kiboksi cheupe mahali alipo bata. Jicho la bastola likiuona weupe ule kwa wakati wake, bata amekwenda. Televisheni ya chogo huchora picha mstari kwa mstari palepale inapoipokea. Televisheni bapa, kama ile yetu, huipokea picha kwanza, huitafakari, huipendezesha, ndipo huionyesha, na hata mwanga wake si ule ambao jicho la bastola limezoea. Kiboksi cheupe kinapotokea, gemu imekwisha kuandika kwamba umekosa. Kwa hiyo bata wangu walikuwa wanakufa vizuri tu, ila taarifa ya msiba ilikuwa inachelewa.

Ndani ya boksi kulikuwa na kitu cha mwisho, kigeuzi cha kutoa picha kwenye nyaya za AV kwenda HDMI, kwa sababu tangazo liliahidi picha safi kama mpya. Kilichokuja kilikuwa kinageuza kutoka HDMI kwenda AV. Viboksi hivyo viwili vinafanana kwa umbo na kwa rangi, tofauti ni mpangilio wa herufi chache. Muuzaji aliandika kwa adabu kwamba naweza kukirudisha China kwa gharama zangu. Nikakitupa kwenye droo.

Hapo ndipo nilipoielewa biashara nzima. Vikorombwezo huuzwa kwa kufuata upungufu. Nintendo wenyewe walipoirudisha gemu yao kwa umbo dogo Novemba 2016, ikiwa na michezo 30 ndani, waya wa pedi haukufika mita 1, na wauzaji wa nyaya za kurefushia wakapata riziki. Lakini kikorombwezo kikubwa kuliko vyote, kinachofanya bastola ifanye kazi na picha ikae kama ilivyokusudiwa, hakisafirishwi kirahisi kwa meli, na huko kwa wenzetu wanakisaka kwa tochi. Desemba 2024 ulimwengu wa wapenda gemu ulisisimkwa na video ya Mmarekani aliyefanikisha kuokolewa kwa televisheni ya chogo ya Sony ya inchi 43, yenye uzito wa takriban kilo 200, kutoka katika mgahawa wa tambi huko Osaka, Japani, ikavushwa bahari hadi Marekani. Bahari nzima, kwa ajili ya chogo. Na mimi nina mama mkwe Makambako.

Mama mkwe hana haraka na mitindo. Nchi ilipoanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam Desemba 31, 2012, wengi walidhani chogo zimefika mwisho. Zamu ya kwetu ilipofika yeye alinunua king'amuzi, akachomeka nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, akatandaza upya kitambaa chake cha kufuma juu ya televisheni, akaendelea na taarifa ya habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko kwenye baridi?"

"Hatujambo. Mama, nimekuja na maombi. Hii televisheni naiomba. Mimi nakuletea ile yetu bapa, inchi 32."

Alinitazama muda mrefu.

"Mwanangu, kazini wamekufukuza?"

Nikamhakikishia kazi ipo. Akachukua simu akampigia bintiye mbele yangu. "Mumeo yuko hapa. Hebu niambie, jana alilala vizuri?"

Biashara ilifungwa kabla sijanywa chai, maana mama mkwe aliogopa homa itanishuka. Chogo ya inchi 21 ina kilo zisizopungua 20, na ndani ya Noah ya kwenda Njombe niliilipia siti yake.

"Unaipeleka kwa fundi?" abiria wa jirani akauliza.

"Hapana, nimebadilishana na bapa."

Akahamisha begi lake upande wa pili.

Jioni ile bata wa kwanza alianguka. Mbwa akainuka akiwa amemshika, bila kucheka, na nyumba nzima ikapiga makofi isipokuwa mtu mmoja. Kisanduku cha intaneti anachotazamia tamthilia Mama Neema kina tundu la HDMI pekee, na chogo haijui HDMI ni nini. Alikuwa amekunja mikono kifuani, na hesabu ya magunia inapanda machoni mwake, ndipo nilipoikumbuka droo. Kile kigeuzi cha upande usiofaa kilikuwa sasa kimekaa upande unaofaa. Nikachomeka, tamthilia ikaja. Kwa kuwa picha pana imebanwa kwenye kioo cha mraba, waigizaji wote walikuwa wamerefuka na kukonda.

Mama Neema alitazama kipindi kizima bila neno. Mwisho akasema, "Huyu kaka sikujua ni mrefu hivi." Hesabu ya magunia ikaahirishwa.

Basi anayeniuliza kama inafaa kuagiza nitamjibu hivi. Kaseti agiza, michezo milioni kumi ichukulie kuwa ishirini. Pedi usiagize kabla hujahesabu pini, na kabla ya pini mtafute fundi na pakiti ya sigara. Adapta soma mchoro wa mgongoni, kigeuzi soma herufi moja moja, na kondakta mpigie simu basi likiwa bado Mafinga. Na bastola usiilipie hata shilingi kabla hujajua mama mkwe wako ana televisheni gani, na mnapatana kiasi gani.