Siki Isiyotaka Kukolea

Siki ya dukani, iwe Kasulu au kwingineko, ni maji yenye asidi asetiki kidogo: asilimia 4 hadi 5, yaani gramu 50 hivi kwa lita kama ni ile nzuri. Kuikoleza ni kuyaondoa maji na kuibakiza asidi. Siki nyeupe ya bei nafuu, hata hivyo, mara nyingi haikutokana na tunda lolote. Kiwanda kilichukua asidi kali kikaizimua. Anayeikoleza jikoni anatengua kazi ambayo ameshailipia.

Siki ya asili hutoka kwenye kileo, na nyanda za juu za Kigoma hazijawahi kupungukiwa pombe ya ndizi. Ikiachwa wazi, bakteria wa jamii ya Acetobacter hutumia oksijeni ya hewani kugeuza kileo kuwa asidi. Muuzaji husema imechacha na kuihesabu hasara. Mkemia wa nyumbani huiita malighafi, naye ndiye mteja pekee anayefika kilabuni kuulizia ya wiki iliyopita.

Njia inayomjia kila mtu kwanza ni kuchemsha. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 usawa wa bahari (Kasulu, juu ya mita 1,200, ni kama 96), asidi kwenye 118, kwa hiyo inadhaniwa maji yataondoka na asidi itabaki. Haviagani kirahisi hivyo. Mvuke wa siki hubeba asidi karibu kwa kiwango kilekile cha siki yenyewe, pungufu kidogo tu. Lita moja ikichemshwa hadi nusu, iliyobaki hupanda kutoka asilimia 5 hadi 6 na ushei, na gramu zilizokosekana zimo machoni mwa waliokaa jikoni. Sufuria ya aluminiamu nayo huliwa: ndani hung'aa kama mpya, mpaka kwenye mstari pale siki ilipoishia. Mstari huo ndio ushahidi wa kwanza ambao mwenye sufuria huuona. Maelezo kwamba ilikuwa inasuguliwa hukubaliwa mara moja tu.

Wajuzi zaidi hugema mvuke: chungu kilichozibwa, mrija wa shaba, beseni la maji baridi. Kitabuni mtambo huu unaitwa kikenekeo. Kijijini kila mtu anaujua kwa kazi nyingine, na kazi hiyo, kupika gongo, imekatazwa kwa sheria ya mwaka 1966. Hakuna maelezo ya kikemia yanayomridhisha mgambo haraka kuliko kuonja, na anachoonja ni cha kusikitisha, maana matone ya mwanzo ni hafifu kuliko siki iliyobaki chunguni. Asionje mengi. Mvuke wa siki na hewa hutia shaba kutu ya kijani, ambayo ni sumu.

Baridi hufanya vizuri zaidi kuliko moto. Siki ikigandishwa, maji hutangulia kuwa barafu, na kimiminika kinachochuruzika barafu inapoanza kuyeyuka ndicho kikali. Mchujo ukigandishwa tena, ukali huongezeka, ingawa kwa njia hii haiwezekani kuvuka takriban asilimia 60: huko, kwenye nyuzi kama 27 chini ya sifuri, asidi huganda pamoja na maji. Friza ya dukani haifiki huko. Shida yake kubwa si joto bali majirani. Migebuka iliyolala kando ya bakuli lisilo na mfuniko hupata harufu ambayo mteja huitafsiri vibaya, na siki iliyogandishwa kwenye kimfuko cha plastiki haina tofauti yoyote na barafu za kunyonya, mpaka mtoto wa kwanza atakapoing'ata.

Ipo njia ya akili zaidi, ya kuifunga asidi kabla ya kufukuza maji. Siki hutiwa magadi, yaleyale ya kulainishia maharage, kidogo kidogo. Kwa pupa, povu hupanda na kuhamia mezani. Likikoma, asidi imekuwa chumvi, asetati ya sodiamu, isiyopaa wala kunuka, na maji yanaweza kuchemshwa yaishe yote. Kinachobaki hufanana sana na chumvi ya Uvinza iliyoingia vumbi, na maharage yaliyoungwa nacho kwa bahati mbaya huliwa, ila kila mtu mezani huuliza limau limetoka wapi. Kuifungua asidi kutoka humo kunahitaji asidi kali zaidi. Maji ya betri hayafai, kwa kuwa karibu theluthi mbili yake ni maji, na sehemu ya yaliyofukuzwa kwa debe la mkaa inarudi. Inatakiwa asidi salfariki kali, na hiyo iko chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Wenye nayo kihalali ni kama maabara za shule, na kabati linaloihifadhi huwa na chupa ya asidi asetiki tupu pembeni.

Chupa hiyo ina vituko vyake. Asidi tupu huganda kwenye nyuzi 16.6, jambo ambalo Dar es Salaam halijulikani, lakini asubuhi ya Julai Kasulu au Kibondo mwalimu huiinamisha na hakitoki kitu. Huo ni uthibitisho wa ubora: asilimia moja tu ya maji hushusha nyuzi za kuganda kwa 2 hivi, kwa hiyo chupa inayogoma kwenye 16 haijachakachuliwa. Hutiwa katika maji ya vuguvugu, mbali na moto, kwa kuwa mvuke wake huwaka na tone lake huunguza ngozi.

Ikishayeyuka huzimuliwa. Asidi ya moli 0.1 kwa lita, inayotosha kwa zoezi la kawaida la kutitirisha, huhitaji mililita 6 tu hivi za asidi tupu, kisha maji mpaka ijae lita. Kwa siki ya asilimia 5, kama ilivyotoka dukani, ni mililita 120.