Heko kwa Fotokopi ya Konkuru

Rumonge imesifiwa kwa mengi. Mawese yake yanajulikana Burundi nzima, dagaa wake, ndagala, hukaushwa ufukweni wakapandishwa mpaka milimani, na samaki wake mukeke wa kuchoma humsahaulisha msafiri kilomita zipatazo 75 alizobanwa ndani ya basi kutoka Bujumbura. Lakini hajatokea mtu wa kuisifu konkuru, ule mtihani wa kugombea kazi ya serikali au ya benki, na hasa fotokopi ambayo kijana huisoma miezi na miezi kabla ya kuufanya. Huo ni utovu wa shukrani.

Ukoo wa konkuru una heshima zake. Wachina waliwachuja watumishi wa dola kwa mtihani tangu karne ya 7 mpaka 1905, na miongoni mwa watahiniwa walikuwamo wazee wenye wajukuu. India, mwaka 2018, shirika la reli lilitangaza nafasi kama 90,000, waombaji wakapita milioni 20. Majirani wa Tanzania nao hawako nyuma: Juni 2014 zaidi ya watu 10,000 waliingia Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kugombea nafasi 70 za Uhamiaji, na mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Kiti kimoja, watu 84 na ushei. Uwanja wa mpira unapojaa watu walioshika kalamu badala ya vuvuzela, nani tena atasema vijana hawapendi kusoma?

Fotokopi yenyewe haina majivuno. Ni karatasi ishirini au thelathini zilizobanwa kwa pini, nakala ya nakala ya nakala, hata mashine imeshazila herufi za pembeni na swali la 14 limebaki nusu. Nusu iliyopotea msomaji hujibunia mwenyewe, na huko kubuni ni somo ambalo shule haikumpa. Kwenye kona pana doa la mawese, maana anayesoma ndiye huyohuyo anayepima mafuta kwa chupa kwenye meza ya mama yake sokoni. Ndani mna kila kitu. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliuawa lini? Tarehe 13 Oktoba 1961. Nani aliiletea Burundi dhahabu ya Olimpiki? Vénuste Niyongabo, mita 5,000, Atlanta, 1996. Chemchemi ya kusini kabisa ya mto Nile iko wapi? Rutovu, kule Bururi, penye piramidi ndogo iliyojengwa 1938. Lipo na swali la mtego, la jiwe la Mugere, lile lililo karibu na barabara ya kwenda Bujumbura. Ukijibu kwamba Stanley na Livingstone walikutana hapo kwa mara ya kwanza, umekwisha: walikutana Ujiji, na Mugere walifika pamoja baadaye, Novemba 1871. Abiria wengine hupita maeneo hayo wakisinzia. Mtahiniwa hupita akitetemeka.

Mwenye haraka atauliza karani wa benki ana haja gani na Niyongabo. Huyo hajawahi kukaa benki siku mtandao umekatika, foleni imefika mlangoni, wateja wananung'unika, na karani hana la kuwapa ila habari za Atlanta.

Sifa kubwa ya maandalizi haya ni kwamba hayaishi, na hilo halitokani na uvivu wa mtu bali na bidii ya nchi. Aliyeanza kukariri kabla ya 2015 alisoma kwamba Burundi ina mikoa 17 na kwamba Rumonge ni komini ya Bururi. Machi 2015 Rumonge ikafanywa mkoa, wa 18. Akafuta, akaandika upya, tena kwa furaha, maana ni kwao. Desemba 2018 makao makuu ya kisiasa yakatangazwa kuwa Gitega, Bujumbura ikaachiwa biashara. Akafuta. Kisha ikaja sheria ya 2023, ikaanza kutumika 2025: mikoa 18 ikawa 5, komini 119 zikawa 42, na Rumonge, baada ya miaka kumi ya ukubwa, ikarudi kuwa komini, safari hii ndani ya Burunga. Mama hajahamisha hata meza yake ya mafuta, lakini tayari ameshaishi mikoa mitatu. Bila konkuru, nani angempa habari?

Upande wa benki ni hivyohivyo. Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilitoa noti mpya za faranga 5,000 na 10,000 na kuwapa watu siku kumi za kurudisha zile za zamani. Ukurasa wa noti ukachakaa kabla wino wake haujakauka. Hata waziri mkuu alibadilika Septemba 2022, akabadilika tena Agosti 2025. Zilizomwonea huruma mtahiniwa ni herufi za BRB peke yake. Benki hiyo ilipoanzishwa 1964 ilikuwa ya Ufalme. Mwaka 1966 ufalme ukaanguka, jina likawa la Jamhuri, na kwa Kifaransa R moja ikatosha kwa yote mawili. Utawala mzima uliondoka bila kumgharimu mtu fotokopi hata moja, jambo ambalo halijarudiwa.

Mji nao unanufaika. Dosye ya kuomba kazi inataka barua, maelezo ya masomo na kazi, nakala ya diploma iliyopigwa kashe, cheti cha utambulisho kutoka komini, karatasi ya kuthibitisha kwamba hujawahi kuhukumiwa, cheti cha daktari kwamba mwili unafaa, na nakala ya karangamuntu, yaani kitambulisho. Kila karatasi ina foleni yake, na zipo zinazokwisha muda kabla hujamaliza kutafuta nyingine, ukaanza upya kwa nguvu mpya. Mwenye kibanda cha fotokopi hajawahi kufanya konkuru yoyote. Ndiye wa kwanza ambaye konkuru ilimpa kazi ya kudumu.

Hata ukoo huungana. Mtihani ukiwa Bujumbura, na miaka hii mafuta ya gari yamekuwa ya kuwinda, huwezi kuondoka Rumonge alfajiri ukategemea kuwahi. Lazima ulale huko. Simu inapigwa mtaa wa Buyenzi, kwa shangazi ambaye hajasikia sauti yako tangu konkuru iliyopita.

"Shangazi, shikamoo. Naja kesho, keshokutwa nina teste."

"Marahaba, mwanangu. Ya benki au ya walimu?"

"Ya benki."

"Basi uje na mawese."

Ziwa nalo lina mchango wake. Fotokopi inasema kina cha Tanganyika ni mita 1,470. Mjomba anayeingia ziwani jioni na kuvuta ndagala kwa taa hajui tarakimu hiyo wala hajawahi kuihitaji. Nyavu zake hazifiki huko, na sangala hawamuulizi. Lakini mwezi ukiwa mpevu ndagala hawaifuati taa, wavuvi hupumzika siku kadhaa, na taa ya betri inabaki nyumbani bila kazi. Mpwa huiazima akasomea. Siku hizo, ambazo jikoni hupikwa kwa kubana, ndizo mikoa mitano hukaa kichwani sawasawa. Wizara ya utumishi wa umma haijawahi kuushukuru mwezi.

Wasengenyaji wapo. Kwenye vijiwe vya madereva wa pikipiki husemwa kwamba majina huandikwa kabla ya maswali, na kwamba mwenye mjomba mkubwa, si huyu wa ndagala, hahitaji fotokopi. Tuseme yamo ya kweli. Basi sifa zinazidi! Mtu anayeamini kwamba mlango una ufunguo mwingine, na bado anakesha akizikariri komini 42, huyo anatafuta elimu kwa ajili ya elimu. Wanafalsafa wameililia hali hiyo karne nyingi. Rumonge, mtaa wa Kanyenkoko, watu wa namna hiyo wapo kila nyumba.

Halafu kuna amani ya kusubiri majibu. Kijana asiye na kazi huulizwa maswali. Kijana anayesubiri majibu ana cheo. Harusini baba mdogo humtambulisha kwa sauti: "Huyu amefanya konkuru ya benki." Ugomvi wa kodi, wa shamba, wa kuoa, wote unaahirishwa mpaka orodha ibandikwe, na orodha, kwa busara yake, haina haraka. Mama akiuliza, "Yametoka?", jibu ni "Bado," na hapo hakuna aliyedanganya wala aliyeaibika.

Aliyeshindwa mara nyingi hatupwi. Ndiye anayejua maswali ya miaka yote, kwa hiyo jioni hukusanya wenzake wadogo barazani na kuwafundisha kwa faranga chache, kwa Kiswahili, mambo watakayoulizwa kwa Kifaransa. Wanafunzi wake wawili watatu hupita. Yeye hubaki, kwa kuwa bila yeye darasa lingefungwa. Juzi ametoa toleo jipya: Burunga ipo, noti mpya zipo, Gitega ipo mahali pake. Mbele ya swali la waziri mkuu ameacha mstari mtupu, na kila mnunuzi anapewa kalamu ya risasi bure.