Mlio wa Mosquito

Huko Wales, wenye maduka walipochoshwa na vijana wenye kukusanyika milangoni na kuwaudhi wapitao, hawakufikiri kuwauliza haja yao, bali waliletewa dawa mwaka 2005 na Bwana Howard Stapleton wa Merthyr Tydfil, aliyebuni chombo kiitwacho Mosquito, chenye mlio mwembamba usiosikika ila na masikio machanga, ili barobaro akimbie na mzee apite raha mustarehe. Hekima iliyoje! Haukupita muda vijana wakaunasa mlio ule ule, wakautia katika simu zao, wakawa wakipashana habari darasani mbele ya mwalimu asiyesikia kitu. Diwani atakaye kukinunua chombo hicho na amwulize kwanza mjukuu wake, maana yeye mwenyewe hatajua hata kama kimewashwa.