Ziwa la Bombani

Mimi na Ziwa Victoria tunafahamiana tangu 2009, mwaka uliozinduliwa mradi wa maji kutoka Ihelele, kule Misungwi, na Shinyanga ikaanza kuoga ziwa bila kulisogelea. Hapa Ngokolo nafungua bomba, ziwa linakuja lenyewe hadi kwenye ndoo, pole, halina wimbi wala kiboko. Ndiyo maana shemeji yangu, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ambaye duara lake la dhahabu lilikuwa limetema kidogo, alipojitolea kutupeleka kisiwani Rubondo, na mke wangu, Mama Kulwa, akauliza nani kati yetu anajua kupiga kasia, mimi ndiye niliyejibu.

"Ziwa nalijua. Tunaonana kila asubuhi."

Tulipitia Mwanza ili pacha wetu, Kulwa na Doto, waone daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Enzi za kivuko, msafiri alikaa pale Kigongo akitafuna mahindi ya kuchoma hadi meno yakachoka. Sasa ni kilomita 3 juu ya maji. Nilipomaliza kufuta miwani ili nianze kuwaeleza watoto habari za ziwa, tulishafika Busisi.

Sengerema, Geita, Chato, Muganza, tukashukia Kasenda. Dereva akatuonyesha mwaloni kwa kidole. Shemeji akaangaza macho, akauliza karasha za kusagia mawe ziko wapi. Kwao machimboni mwalo ni mahali pa kuoshea dhahabu. Hakuwahi kuambiwa kwamba wavuvi nao wana mwalo wao, tena unaonuka dagaa.

Kwenye boti, kijana wa kutuongoza alitugawia majaketi okozi. Langu lilikataa kufungwa tumboni. Akatutoa hofu: Rubondo, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1977, haina simba wala chui.

"Mna viboko na mamba tu," akasema. "Na fisi maji."

Mama Kulwa alishika ukingo wa boti. Ninyi mnaosoma hili mkiwa Usukumani hamhitaji maelezo. Kwetu fisi si mnyama tu, ni usafiri wa watu fulani, usiku, na wenye nao hawajitangazi. Sasa anaambiwa kuna wa majini!

"Baba Kulwa, hawa wa huku wanapandwa na nani?"

Kijana alieleza kwa upole kwamba fisi maji hana undugu na fisi. Ni kanyama kembamba, kana manyoya laini, kanakula samaki na kupenda michezo. Tulimwona jioni ile ile akibiringika mawimbini kama mtoto aliyetoroka shule. Watoto walipiga makofi. Mama yao alimtazama kwa makini mgongoni, kama kuna alama ya kukaliwa.

Kesho yake asubuhi tuliingia msituni na mhifadhi kutafuta sokwe. Baada ya saa tatu za kupanda, kushuka na kupigana na mbung'o, tulikuwa tumeona viota juu ya miti na, chini yake, kinyesi. Shemeji alikitazama kwa muda.

"Nimekodi gari toka Ngokolo nije nionyeshwe hiki?"

Mhifadhi, aliyezoea wageni wenye hasira, akatusimulia. Kati ya 1966 na 1969 Mjerumani Bernhard Grzimek na wenzake walileta hapa sokwe 17 kutoka Ulaya, wengine wa kwenye bustani za wanyama, wengine wa sarakasi. Wakafunguliwa milango ya makreti, basi. Sokwe aliyezoea kuletewa ndizi kwa saa maalumu akajikuta ndani ya msitu, hajui tunda gani linaliwa wala kiota kinafungwaje. Wakajifunza. Wajukuu wao ndio wanaotukimbia leo.

Nilimwona yule babu yao mawazoni, kasimama chini ya mtini, anasubiri chakula kiletwe. Nilimcheka sana. Sikujua zamu yangu ni alasiri.

Alasiri tulipewa mtumbwi, mimi mbele, shemeji nyuma. Familia ilikaa ufukweni kushuhudia mtu anayelijua ziwa. Nilipiga kasia kulia kwa nguvu zote. Mtumbwi ukageuka ukatazama tulikotoka. Nikaongeza nguvu, ukazunguka tena, tukawaona Mama Kulwa na watoto kwa mara ya pili, halafu ya tatu.

"Mzee, badilisheni upande!" kijana akapaza sauti.

Tukabadilisha, wote wawili kwa pamoja. Tukaanza kuzunguka kwa upande wa pili.

Nyuma yangu shemeji alikuwa hapigi kasia, alikuwa anachimba. Analiinua juu ya kichwa kama sululu, analishusha "puu!", anatafuta mwamba. Pigo la tano lilinilowesha mgongo, la sita likachukua kasia lenyewe. Tulipokuwa tunaliangalia likielea kwenda zake, kiboko akaibuka mbali kidogo, karibu na mafunjo. Alitutazama, akapuliza maji puani, kisha akazama taratibu kama jirani aliyefungua mlango kwa bahati mbaya akakuta mambo yasiyomhusu.

Tulivutwa kwa boti ya injini. Njiani sikusema neno.

Nilitaka angalau nirudi na ufundi mmoja, nikachagua ususi wa vikapu. Nilipoinama kukata mafunjo, mhifadhi akakohoa: hifadhini hakikatwi hata kijani kimoja. Nikasubiri hadi Muganza, ambako mama mmoja aliyekuwa anasuka kibarazani aliniuzia mafunjo makavu na kunipa somo la bure. Mikono yake ilikwenda yenyewe huku akimkemea mbuzi na kuulizia bei ya mchele Shinyanga. Mimi nilisuka kimya kwa saa mbili, ulimi nje. Kikapu changu alikigeuza huku na huku, akatafuta neno la adabu.

"Hiki, baba, kitapitisha hewa vizuri."

Sasa tuko nyumbani. Kikapu kimepata mpangaji, tetea mweusi, naye ndiye pekee asiyelalamika kuhusu matundu. Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Lakini jana nilimkuta Kulwa amejaza beseni maji ya bomba, katia ndani kifuniko cha sufuria kielee, na Doto anakisukuma kwa mwiko, upande mmoja tu. Kifuniko kikawa kinazunguka, kinazunguka.

"Mnacheza nini?" nikauliza.

"Baba na ziwa lake," wakasema.