Mpangaji wa Rafu ya Chini

Kwetu Tanga, mnyama anayelala ndani ya nyumba lazima ajieleze. Paka anakamata panya. Kuku wa mama hulala jikoni kwa kuogopa vicheche, na kodi yake hulipa kwa mayai. Mbwa analinda, tena analindia nje. Asiye na kazi ama ni kitoweo ama ni mgeni, na mgeni naye, siku ya tatu, hupewa jembe.

Nilipokwenda kusoma Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, mstaafu, mpole wa kusema, mwenye karatasi ya masharti iliyobandikwa mlangoni mwa jiko. Maji ya moto yasichezewe. Hita za ukutani zitawaka alfajiri kidogo na jioni kidogo, maana gesi imepanda bei. Mwisho kabisa, kwa wino mwekundu: tafadhali usifunge mlango wa friji kwa kishindo, Gerald amelala.

Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba mume wa yule mama amefariki. Sikuambiwa alizikwa wapi. Siku hiyo nilikula nje.

Gerald alikuwa kobe. Alilala rafu ya chini, ndani ya sanduku la plastiki lenye matundu, kajifukia kwenye udongo, chini kidogo ya maziwa yangu. Nilielezwa kwa upole, kama anavyoelezwa mtoto siku ya kwanza shuleni. Kobe wa nchi zenye majira ya baridi hulala miezi kadhaa bila kula. Bustani ya Uingereza ina barafu ya kumpofua macho, na nyumba ya Uingereza, hata ile ya mama mwenye nyumba, ina joto la kumwamsha. Friji ndiyo iliyo katikati: nyuzi 5, usiku na mchana. Ikishuka chini ya sifuri kobe anaganda. Ikipanda kupita 10 anazinduka na kuanza kula mafuta ya mwili wake mwenyewe. Kabla ya kulala hufungishwa wiki kadhaa, ili chakula kisimwozee tumboni, na huogeshwa maji ya uvuguvugu anywe ashibe. Kila wiki alitolewa, akawekwa juu ya mizani ya jikoni, ileile niliyopimia unga wa chapati, na gramu zake zikaandikwa daftarini.

Halafu kuna suala la hewa. Mlango wa friji lazima ufunguliwe kila mara ili kobe asikose pumzi. Wafugaji wengi humnunulia kobe friji yake peke yake na kutega saa ya kuwakumbusha. Mama mwenye nyumba aliona mpangaji ni nafuu zaidi. Kila nilipofungua kutafuta kipande cha jibini, Gerald alipata hewa. Nikawa nasifiwa kwa ulafi.

Kilichonichoma ni asili yake. Gerald ni Mwafrika mwenzangu. Alitoka Moroko katika miaka ya 1960, enzi ambazo kobe walipakiwa melini kwa makapu na masanduku, wakauzwa Uingereza kama vitu vya kuchezea watoto. Wengi walifia njiani, na wengi wa waliofika hawakuumaliza msimu wa kwanza wa baridi. Biashara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1984. Baba wa mama mwenye nyumba alimnunua sokoni, akamwachia binti yake kama urithi. Mimi kufika pale nilipeleka vyeti, taarifa ya benki, kipimo cha kifua kikuu na alama za vidole vyote. Gerald alipita bandarini bila kuulizwa jina la babu yake. Mpaka leo kumfuga hakuhitaji kibali. Kumuuza ndiko kunakohitaji cheti.

Ningevumilia, kama si Doris.

Doris alikuwa nyoka. Si wa sumu. Ni wa Kimarekani, wa rangi ya udongo mwekundu, jamaa wa wale wanaozunguka maghala ya mahindi kusini-mashariki ya nchi ile wakiwinda panya. Urefu wake ulipita mita moja. Aliishi sebuleni ndani ya kabati la vioo, na ndani ya kabati hilo mlikuwa na hita, na hita ilikuwa na kidhibiti, na kidhibiti kilisoma nyuzi 30. Mimi chumbani nilivaa soksi mbili mbili na kofia. Jioni nilijikuta nasogeza kiti, kidogo kidogo, mpaka nikawa nasomea ubavuni mwa kabati. Mama mwenye nyumba alifurahi sana, akasema Doris amenipenda. Doris hakunipenda. Alinikodolea macho. Lakini nyoka hana kope, hivyo humkodolea kila mtu, akiwa macho au usingizini, na huwezi kujua umeonwa au la. Nimeshakaa na wakwe wa namna hiyo.

Chakula chake kilikaa kwenye friza: panya weupe waliogandishwa, wamefungwa kwenye mfuko, kando ya samaki wangu. Siku ya mlo mmoja alitolewa, akalowekwa kwenye kikombe cha maji ya moto mpaka akayeyuka na kupata joto la mwili wa kiumbe hai, akaning'inizwa kwa koleo refu. Doris aliutoa ulimi, akaonja hewa, akafikiri, kisha akarusha kichwa kwa kasi ambayo sikuipenda. Baada ya hapo hakuguswa kwa siku mbili, asije akatapika. Nilijifunza kutambua kikombe chake. Nilinunua changu, nikakifungia chumbani.

Nakiri alikuwa na jambo moja la kuheshimiwa. Siku kadhaa macho yake yaligeuka rangi ya maziwa, akanuna, akasusa chakula. Kisha asubuhi moja tukakuta gamba zima limelala kwenye kabati, kutoka puani hadi ncha ya mkia, halijachanika, na vifuniko viwili vya macho vikionekana waziwazi vikiangaza kama mbegu za papai zilizomenywa. Kwetu mwaka 2011 chama tawala kilitangaza kujivua gamba, na mjadala ukachukua miaka. Doris alimaliza usiku mmoja, bila kamati.

Nikampigia mama.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Unakula?"

Nikamweleza. Upande wa pili kukawa kimya, kisha nikasikia akimwambia shangazi apunguze redio.

"Nyoka yumo ndani, analishwa, ana jina. Mwanangu, mambo hayo hata sisi Tanga tunayajua, ila hatuyaweki sebuleni."

"Si mambo hayo, mama. Anamfuga tu."

"Kwa faida gani? Anataga?"

"Hapana."

"Na huyo kobe?"

"Yumo kwenye friji."

"Kobe ni nyara ya serikali. Wakikukuta naye watakufunga. Huyo kobe anataga?"

"Ni dume, mama. Anaitwa Gerald."

"Basi wote hawana kazi," alisema mama, na hukumu ikawa imepita.

Mwezi wa kwanza, katikati ya baridi, Doris alitoroka. Kioo cha kabati kilikuwa wazi upana wa kidole, na nyoka wa aina yake hahitaji zaidi. Mama mwenye nyumba hakutaharuki. Alichukua unga wa ngano, akaunyunyiza kwenye kila kizingiti ili nyoka akipita aache alama. Mimi ninayetoka Tanga, ninayejua sababu nyingine kabisa za unga kumwagwa mlangoni usiku, nilisoma Ayatul Kursi na kulala juu ya meza.

Asubuhi unga ulikuwa na mstari wa kupindapinda unaoelekea jikoni. Tukaufuata. Doris alikuwa nyuma ya friji, amejikunja juu ya mota, mahali pekee penye joto la bure katika nyumba ile. Friji moja, wapangaji wawili: ndani Mwafrika analala kwenye baridi, nyuma Mmarekani anaota moto. Mama mwenye nyumba akaivuta friji mbele, akamfungua Doris pole pole huku akimsemesha maneno ya kumbembeleza, akamrudisha kabatini, akaisukuma friji mahali pake. Waya wa umeme ulichomoka pale pale, wala hakuna aliyeutazama.

Usiku nilishuka kunywa maji. Jiko lilikuwa kimya kuliko kawaida. Ule mngurumo wa friji haukuwapo. Nikiwa nimesimama na bilauri mkononi, friji ikabisha hodi.

Ilibisha kutoka ndani. Nikasema "karibu," kwa mazoea tu, na papo hapo miguu ikanichukua hadi juu ya ngazi.

Tulipoifungua pamoja, Gerald alikuwa amesimama kwenye sanduku lake, kucha zake zikikwaruza plastiki, shingo ndefu, udongo puani, na uso wa mzee aliyeamshwa kwa jambo lisilo la maana. Mama mwenye nyumba aliegemea ukuta. Kobe aliyezinduka hawezi kuambiwa alale tena. Akiba yake imeshaanza kuliwa. Anahitaji maji ya uvuguvugu, taa ya joto, majani mabichi, na chumba kisicho na ubaridi. Hivyo karatasi ya masharti ikabanduliwa, na hita za nyumba nzima zikawaka mchana kutwa kwa heshima ya Gerald. Nilivua kofia. Kila asubuhi nilimpelekea majani ya lettusi mwenyewe, na sikuwahi kumwombea mzee yeyote maisha marefu kwa ikhlasi ile.

Kiangazi kilipofika Gerald alitolewa bustanini. Siku moja nilimkuta kwenye tuta la maua, kaupa ukuta uso, anachimba kwa miguu ya nyuma: mguu wa kulia unachota udongo, unaumwaga kando, unapumzika, wa kushoto unachota, unamwaga, unapumzika. Wala hakugeuka kutazama shimo lake. Kazi ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Kisha akataga mayai meupe, magumu, madogo kuliko ya kuku, akayafukia, akakandamiza udongo kwa tumbo lake.

Daktari wa mifugo alimpindua, akaonyesha mkia mfupi na tumbo bapa. Dume, alisema, lina mkia mrefu na tumbo lililobonyea. Mama mwenye nyumba aliyapokea kwa utulivu, maana Waingereza wana mazoea. Katika kasri la Powderham, Devon, aliishi kobe aitwaye Timothy aliyekuwa melini wakati Sevastopol ikipigwa mizinga mwaka 1854. Walipotaka kumtafutia jike mwaka 1926, ndipo walipogundua kwamba jike ni yeye. Akaendelea kuitwa Timothy hadi alipokufa mwaka 2004. Gerald naye amebaki Gerald.

Nikampigia mama kumpa habari. Alisikiliza hadi mwisho, akaanza kupiga hesabu.

"Jogoo wake yuko wapi?"

"Hana, mama. Mayai hayataanguliwa."

"Tangu miaka ya 1960?"

"Tangu wakati huo."

"Mwambie huyo mama amtafutie mume," alisema. "Anamfungisha, anampima mizani, anamlaza kwenye friji peke yake, halafu anamwita Gerald. Mimi ningekuwa yeye, ningetoka na yule nyoka."