Jua Lisubiri Kikao

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti nchini Kenya iandae mpango wake wa nishati. Basi kaunti moja yenye jua la kukausha nyama kabla ya adhuhuri (jina tulifiche, majirani wasije wakaona wivu) ikawatuma maafisa wake wakapange umeme wa sola. Wapi? Naivasha, hotelini, mapazia yakiwa yamefungwa ili projekta ionekane. Posho ya siku tano, mada ya nusu saa. Betri, ambazo ndizo hufa kwanza, pamoja na fundi wa kuzitunza, vikaachiwa “mengineyo”. Kilichopita bila kupingwa ni taa ya mulika mwizi sokoni, yenye picha ya gavana. Inawaka vizuri sana, hasa mchana.